Friji Lenye Ndala Zake

Friji letu lilikuwa na ndala zake. Zilikaa mbele ya mlango wake mwaka mzima, jozi moja ya mpira, za bluu, kubwa kuliko mguu wa mtu yeyote nyumbani, na hakuna aliyeruhusiwa kuzivaa kwenda nazo bafuni wala uani. Ukitaka maji baridi unaingiza miguu kwenye ndala, unashika mpini kwa kitambaa kikavu kilichoning'inia pembeni, unafungua, unachukua, unafunga. Mgeni tulimfundisha kabla hajauliza. Akisahau, friji linamuuma. Lilikuwa linauma kidogo tu, mtekenyo wa vidoleni unaopanda mpaka kwenye kiwiko, na sisi tunacheka, tunamwambia leo amelikuta limeamka vibaya.

Tuliishi hivyo miaka miwili. Naona aibu kusema, lakini nasema, kwa sababu sikuwa mjinga na wala si mtu wa kuonewa huruma. Nilikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni miaka ishirini na minane. Nimepika kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Nimewafukuza jikoni wakaguzi, wasimamizi, na mwalimu mkuu mmoja aliyeonja mchuzi kwa kidole. Jikoni kwangu sishauriwi, na friji lilikuwa jikoni kwangu.

Lilikuwa zawadi ya mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi mbali. Friji la milango miwili, jeupe, refu kuliko mimi. Aliyelifunga ni kaka yangu, ambaye kila mtu anamwita Mjomba, hata majirani waliomzidi umri. Mjomba alikuwa dereva wa lori, na lori lake alilifungua na kulifunga mwenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo aliona friji ni lori lisilo na magurudumu. Plagi iliyokuja nalo haikuingia kwenye soketi ya waya wetu wa kuunganishia, ule mrefu unaopita chini ya zulia. Akaikata, akaweka nyingine ya miguu miwili. Ndani ya waya wa friji mlikuwa na nyaya tatu, na plagi ilikuwa na nafasi ya mbili. Mjomba aliutazama ule wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, akaamua kuwa huo ni wa akiba, wenye kiwanda wameuweka iwapo mmoja utakatika. Akaukunja, akauzungushia utepe mweusi, nasi tukampa chai.

Sakafu yetu ina mteremko kidogo, akasukumizia kipande cha tofali chini ya mguu mmoja wa friji. Halafu akalisukuma nyuma mpaka likakaribia kubusu ukuta. Nafasi ndogo iliyobaki mimi nikaijaza masinia na maboksi, maana sipendi nafasi ikae bure. Kushoto kwake kulikuwa na sinki langu la kuoshea vyombo, la chuma, lenye miguu ya chuma. Nilisimama mlangoni nikatazama, nikaridhika.

Halafu binti yangu akarudi nyumbani na mtoto wa miezi tisa. Mtoto yule tulimwita Kifaru, kwa sababu akiamua kwenda mahali anatanguliza kichwa, na kilichoko mbele yake kitajijua chenyewe. Alikuwa anatambaa tayari. Akifika penye kitu cha kushika anakishika, anajivuta, anapiga magoti, anaanguka, anarudia. Jikoni tulimzuia. Tuliweka kiti mlangoni, na kiti kikasukumwa. Tuliweka meza, akapita chini ya meza. Binti yangu alianza kumbeba mgongoni kutwa nzima, kiuno kikamuuma, na siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuona ndala za saizi ya mtoto zinauzwa wapi. Nilimjibu kuwa nitazitafuta. Sote wawili tulikuwa na akili zetu timamu.

Wakati huohuo mpira wa mlango wa friji ulianza kulegea. Mlango haukufunga vizuri, barafu ikawa inayeyuka, na asubuhi tunakuta maji sakafuni. Mimi nilikuwa naufunga mlango kwa kamba. Binti yangu, bila kuniambia, akampigia simu fundi wa mafriji.

Fundi alikuja saa tatu asubuhi, na nilipomwona nikakunja uso. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, mwembamba, amevaa viatu vizito vya soli nene na begi la turubai begani. Aliniamkia kwa adabu, akauliza kama anaweza kuingia, akasimama katikati ya jikoni asifanye lolote. Nilimhesabia dakika tatu nzima akiwa amesimama. Alikuwa anatazama sakafu, ukuta, dari, sinki. Baadaye nilisikia kwamba mtaani wanamwita Fundi Polepole, na kwamba wengine wanamwita hivyo kwa kejeli. Mimi siku ile ningewaunga mkono.

Mwishowe akatazama chini, akaniuliza zile ndala ni za nani.

Nikamwambia ni za friji.

Hakucheka. Nilizoea watu kucheka hapo. Alichuchumaa, akazitazama vile muuguzi anavyotazama kidonda, kisha akauliza kile kitambaa nacho ni cha nini. Nikamweleza. Akauliza tangu lini. Nikamweleza. Akauliza kama siku hizi linauma kuliko zamani, na hapo nikasita, kwa sababu kweli wiki mbili hizo lilikuwa limezidi. Nilimwambia sikumwita kwa maswali, nilimwita kwa mpira wa mlango, ingawa hata kumwita sikuwa nimemwita mimi.

"Mpira nitaubadilisha, Mama," alisema. "Ila siwezi kuubadilisha nikiwa nimekufa."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeomba kijiko. Kisha akatuomba tusogee mpaka mlangoni. Alitoa begini bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, ile mafundi wanayoiita testa, akaigusisha kwenye mlango wa friji. Taa ikawaka nyekundu. Akatoa mita, kifaa kama simu kubwa chenye nyaya mbili. Ncha ya waya mmoja akaigusisha kwenye mlango, ya pili kwenye mguu wa sinki langu. Alisoma, akageuza kifaa nami nisome.

Nikamwambia tarakimu hizo kwangu si kitu.

"Kwenye soketi ya ukutani mnatakiwa volti mia mbili na thelathini," alisema. "Hapa mlangoni mna mia moja na tisini."

Nilitaka kubisha. Ulimi wangu una mazoea ya kubisha kabla kichwa hakijaamka. Lakini yeye alikuwa amekwisha toa futi ya kupimia, anapima kutoka ubavu wa friji mpaka mguu wa sinki. Sentimita arobaini na mbili. Akainuka, akamtazama Kifaru kiunoni mwa mama yake. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, mmoja huku, mmoja kule, akitaka ile mita yenye rangi ya machungwa. Fundi alitazama urefu wa mikono ile.

"Anafika," alisema. "Tena anabakiza."

Nikakaa juu ya ndoo ya unga. Niliona kila kitu kwa mara moja: maji ya barafu sakafuni, mtoto amejivuta, mkono mmoja kwenye mguu wa sinki na mwingine kwenye friji, akijitahidi kusimama kama wanavyojitahidi wote. Na mimi niko sebuleni namtafutia ndala.

Fundi hakunipa nafasi ya kujiliza. Alikwenda kuzima swichi kuu ya nyumba, akarudi, akachomoa waya, akapima tena kuhakikisha umeme umekufa kweli, ndipo akauweka upole kando na kuanza kuamuru. Naweza kusema nilimheshimu kuanzia hapo, kwa sababu mimi namjua mtu anayejua kuendesha jikoni. Alitaka vitu vyote vitoke. Nyama na samaki wa kuganda vipangwe pamoja, vibanane, visiachiwe hewa katikati. Hilo nilimwambia aniachie. Nilichukua sufuria langu kubwa nililotoka nalo shuleni, nikapanga, nikafunika, nikalizungushia mablanketi mawili, nikamwambia likikaa bila kufunguliwa litavumilia mpaka jioni. Alitazama kazi yangu akatikisa kichwa kwa kukubali, nami, mtu mzima na mvi zangu, nikafurahi kama mwanafunzi.

Walilivuta friji wakiwa wawili, yeye na binti yangu, kidogo kidogo, limesimama. Nyuma yake nilitamani sakafu inimeze. Masinia, maboksi, vumbi nene kama sufi, na joto lililokuwa halina pa kutokea. Chini, pale mashine inapokaa, alinionyesha waya unaoingia kwenye bati. Kwa sababu ya kipande cha tofali, friji halikuwa limekaa sawa, na kila mashine ilipoanza kunguruma lilitetemeka. Kwa miaka miwili waya ulikuwa unasuguliwa na ukingo wa bati, taratibu, mpaka ngozi yake ikaliwa na shaba ikaonekana. Mwanzoni tulikuwa tunatekenywa tu. Sasa shaba ilikuwa inagusa bati.

Akafungua plagi. Akakuta ule waya wa kijani umekunjwa, umelala ndani ya utepe wake mweusi.

Na Mjomba, ambaye hana kawaida ya kuja asubuhi, akaingia wakati huohuo.

Nilijua litakalotokea. Mjomba anasamehe matusi, ila hasamehi mtu kugusa kazi ya mkono wake. Alitazama friji lake limevutwa kutoka ukutani, akatazama plagi yake imefumuliwa mkononi mwa mwanamke asiyemjua, akauliza ni nani amemruhusu. Binti yangu akafungua mdomo. Mimi pia nilikuwa nimefungua wangu, na nilikuwa na maneno ya miaka miwili.

Fundi alitutangulia. Alimwamkia, akamwambia alikuwa anatafuta mtu wa kumweleza nyumba hii ilivyofungwa nyaya. Akamsogezea mita. Akaifunga tena plagi, akawasha umeme kwa kitambo, akachomeka friji, akatuweka wote mbali, akapima mbele yake ile mia moja na tisini, kisha akazima na kuifungua tena. Akamwonyesha waya wa kijani na kumweleza kazi yake kwa sauti ileile aliyonielezea mimi: kwamba umeme ukitoroka na kuingia kwenye bati unatafuta njia ya kwenda ardhini, na waya huu ndio njia yake. Ukiukata, umeme unasubiri mtu apite.

 Mjomba alimtazama Kifaru, aliyekuwa anatafuna mkufu wa mama yake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi ndiye niliyeukata."

"Watu wengi huukata," fundi alimjibu. "Sasa nisaidie, Mjomba. Kuna kazi inataka mkono wenye nguvu kuliko wangu."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule fundi. Mimi ningemmaliza kaka yangu. Ningemsema mpaka mwaka ujao, na angekwenda kwake na kiburi chake, na waya wake mwingine wa kijani umekunjwa mahali pengine. Fundi alimvua kosa kama unavyomvua mtu koti lililolowa, akampa nyundo.

Maana kazi haikuwa imekwisha. Alikuwa amepima soketi ya ukutani, ile yenye matundu matatu, akakuta tundu la tatu limekufa. Alitoka nje akazunguka nyumba akipapasa ukuta, akakuta waya uliopaswa kushuka ardhini umekatwa na waliopiga plasta, wakapaka rangi juu yake. Nyumba nzima ilikuwa haina njia ya ardhini. Angeweza kufunga plagi mpya ya miguu mitatu, akabadilisha mpira, akaenda zake, nasi tungemsifu, na mtoto asingekuwa salama. Nilimuuliza kama mafundi wengine wangeangalia huko nje. Alisema hajui, yeye huangalia.

Mjomba alichimba karibu na bomba la uani, penye udongo mbichi. Alipigilia fimbo ndefu ya shaba, iliyoletwa kutoka dukani, mpaka ikazama, shati limelowa, akikataa kupumzika. Fundi alifunga waya mpya kutoka kwenye fimbo mpaka kwenye kisanduku cha umeme, akapima, hakuridhika, akakaza upya, akapima. Ndani ya kisanduku aliongeza kiswichi kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Alikibonyeza kukijaribu mara tatu, na mara zote tatu kikajikata. Friji aliliwekea waya mpya wote, kutoka mashine mpaka plagi, akauvika mpira pale unapopita kwenye bati. Tofali akanirudishia mkononi. Miguu ya friji, kumbe, inazungushwa kama kifuniko cha chupa, inapanda na kushuka. Aliweka pima maji juu ya friji, akazungusha mguu mmoja, akatazama tone la hewa, akazungusha mwingine. Alifanya hivyo mpaka nikachoka kumtazama, na tone likatulia katikati.

Akaacha nafasi ya shubiri moja nyuma. Akanitazama. Nikamwahidi kwamba sitaweka hata sinia moja.

Lakini hakuliwasha. Alisema walililaza kidogo walipokuwa wanafanya kazi chini, na mafuta ya mashine yanahitaji muda kurudi mahali pake, kwa hiyo litasimama kwa muda wa saa tatu. Nilimkumbusha nyama yangu. Alinikumbusha mablanketi yangu. Nilipandisha sauti, nikiwa nyumbani kwangu, nikamwambia mashine yenyewe ndiyo hii, imesimama, inangoja nini. Akasema inangoja ifike saa tisa na nusu. Akakaa kibarazani akabadilisha mpira wa mlango mapajani mwake, akiulainisha kwa maji ya moto ili ukae kwenye kingo zake, na saa zikapita kwa mwendo wake yeye. Nilipika chakula nikampa sahani ya kwanza, heshima ambayo mwalimu mkuu hakuwahi kuipata.

Saa tisa na nusu alichomeka friji moja kwa moja ukutani. Ule waya mrefu wa chini ya zulia alikuwa amekwisha uzungusha na kumkabidhi Mjomba. Mashine ikaanza kunguruma, na kwa mara ya kwanza vikombe juu ya kabati havikulia. Akapima mlangoni na kwenye mguu wa sinki. Akanigeuzia mita. Sifuri.

Nikasema vizuri, ahsante, lakini sikusogea. Hakuna aliyesogea. Miaka miwili ya kuogopa haitoki kwa tarakimu.

Alielewa. Akafungua kamba za viatu vyake vizito, akavivua pamoja na soksi, akamwaga kata ya maji sakafuni, akasimama pekupeku juu yake. Akachuchumaa mpaka akawa na kimo cha mtoto. Akashika mguu wa sinki kwa mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia akakibandika chote kwenye mlango wa friji. Alikaa hivyo huku akinitazama usoni. Mashine ilinguruma. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe.

"Inuka," nilimwambia. "Hapo ni pangu mimi."

Nilivua viatu. Goti liliniuma kuchuchumaa na moyo ulikuwa unapiga kama mlango wa jirani mwenye hasira. Nilishika sinki. Nilisogeza kiganja kwenye mlango, nikakirudisha, nikajitukana, nikakibandika. Bati lilikuwa baridi kidogo, laini, na halikuwa na neno nami. Nililia pale pale. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu nilikumbuka kila mtu niliyemcheka alipoumwa.

Tulifuta maji. Binti yangu akamshusha Kifaru mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu azae nikaona mgongo wake umenyooka. Mtoto hakungoja kuambiwa. Alitambaa kichwa mbele mpaka mahali palepale alipokatazwa siku zote, akashika mguu wa sinki, akabandika mkono wa pili kwenye friji, akajivuta. Magoti yakapanda. Kisigino kimoja, cha pili. Akasimama wima, anatetemeka, anashangaa urefu wake mwenyewe, mkono huku na mkono kule, na sisi wote tumekauka tukimtazama.

Nikageuka nimwambie fundi aone, sikumkuta aliposimama. Alikuwa kwenye korido, pekupeku bado, mbele ya swichi kuu, kidole kikiwa juu yake, macho kwa mtoto. Alikuwa amepima, amejaribu kwa mwili wake, ameniona nikijaribu kwa wangu, na bado alikuwa amekwenda kusimama pale. Hakukiondoa kidole mpaka Kifaru alipochoka mwenyewe, akakaa chini.